Picha Kwenye Banda la Makaa

Purity aliingia studioni mwangu mkono mmoja ameshika mtoto, mkono wa pili ameshika ugomvi. Ugomvi wenyewe ulikuwa ndani ya bahasha ya kaki. Aliubwaga mezani, juu ya picha za pasipoti za watu wasiokuja kuzichukua.

"Shikamoo, da Rispah. Hebu tazama mambo haya."

"Marahaba. Mambo yatangoja, kwanza nimtazame mgeni."

Mgeni alikuwa msichana wa miaka mitano hivi, kofia pana kama sinia, miwani nyeusi, mikono mirefu ya shati hadi kwenye vidole, na joto la Kombani siku hiyo lilikuwa la kuvulia hata ngozi. Mtoto alizaliwa na ualbino. Mama yake ni mweusi, ule weusi mzito uliotulia, ambao kamera nyingi hazijafunzwa kuupigia hodi.

"Waitwa nani, bibie?"

"Kadogo."

"Na ukishakuwa mkubwa?"

Alifikiri kidogo. "Hilo linangojewa."

Nikamtazama mama mtu. Naye akanisukumia bahasha.

Mlikuwa na picha tatu. Ya kwanza ilipigwa kwa simu, nje ya nyumba yao: mtoto anaonekana nusunusu, amekunja uso kwa jua, na nyuma yake limesimama gauni lisilo na mtu. Ya pili kinyume chake: Purity yupo, lakini mapajani amepakata balbu inayowaka. Ya tatu ilipigwa studio moja huko Ukunda, na hii ndiyo iliyonikera zaidi. Fundi alikuwa amefanya tufanyavyo sote tukiona mteja: amewang'arisha. Purity alikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyozidiwa maziwa. Mtoto alikuwa ukuta uliovaa kofia.

"Huyu mama ni nani?" nikauliza.

"Ni mimi."

"Pole. Uliugua?"

Alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka kabla. Kisha akaketi kwenye kigoda cha wateja na kunieleza, na mimi nikaacha mzaha, maana kiasi ninacho ingawa watu hawaamini.

Mumewe Kalama ni Mduruma wa Kinango. Kwao msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, na jina hilo haliokotwi tu: mwenyewe bibi huliita kwa kinywa chake, akampulizia mtoto maji kifuani, ndipo likamshika. Sasa mavyaa wa Purity, huyo mama wa Kalama, jina lake Umazi, aliposikia mtoto amezaliwa mweupe, alisema neno moja. "Nikiiona sura yetu kwake, nitampa jina langu. Kabla ya hapo msiniletee." Kalama kila akienda kumpelekea mamake unga, humpelekea na picha. Kila picha hurudi naye.

"Hii ya mwisho imerudi na maneno," Purity akasema. "Ati, 'Mwaniletea picha ya taa.'"

Nilijiuma mdomo. Ukweli ni kwamba bibi hakusema uongo.

"Si umpe jina lolote, mwanangu? Majina yamejaa tele."

"La kuokota ataokotewa na yeyote. Hili ni haki yake." Akashusha sauti, ingawa mtoto alikuwa anapekua sanduku langu la mapambo. "Januari anaanza shule. Akienda bila jina, wenziwe watamtafutia. Wewe wajua watamtafutia lipi."

Nilijua. Sikulisema, na wewe usiliseme.

"Kalama anakwenda Kinango Jumapili," akamalizia. "Nataka picha moja tu, da Rispah. Sura yake ionekane. Na yangu ionekane, wajue ametoka kwangu, hakushuka na mvua."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Nina ugonjwa huo, wa kusema jambo ni dogo kabla ya kulipima.

Niliteremsha shuka nyeupe ukutani, nikawasha taa zangu mbili, nikawapanga. Nikamvua mtoto miwani kwa upole, nikarudi nyuma, nikafyatua. Mwako wa taa ulimpiga machoni, akapiga kelele, akajificha uso kwenye tumbo la mamake. Hakutaka tena kunitazama. Kwenye kioo cha kamera nikaona shuka nyeupe, na ndani ya shuka weupe mwingine, na pembeni mama aliyeshtuka.

Nikazima taa zote.

"Nisamehe, bibie. Taa zangu hazina adabu."

"Zimechapa macho," akasema kutoka tumboni.

Nikakaa chini nikafikiri. Mimi picha sikufundishwa darasani. Nilifundishwa na mchanga wa Diani, miaka niliyokuwa nikiwapiga picha watalii ufukweni. Kamera ni kiumbe mwoga: ikiona weupe mwingi hufumba jicho, na ikifumba, mtu mweusi aliyesimama juu ya mchanga ule hubaki meno na shati. Wahudumu wangapi wa hoteli wamewatumia wazazi wao picha za shati! Kazi ile iliisha siku wimbi liliponipokonya kamera mkononi bila hata kusema samahani. Nikafungua studio Msambweni. Mume wangu wa wakati huo akaondoka na printa. Printa niliililia sana. Kombani ndiko nilikosimama mara ya tatu, na mara ya tatu mtu husimama akiwa ameshika ukuta.

Basi nikiwa nimekaa pale chini nikaona ujinga wangu. Tangu azaliwe, kila aliyempiga picha mtoto huyu alimwongezea mwanga, kana kwamba alikuwa na upungufu wake. Mwanga alikuwa nao wa kugawia jirani. Alichokosa ni kivuli. Bila kivuli pua haina mgongo na mdomo hauna ukingo. Uso unabaki sahani.

"Nyanyukeni," nikasema. "Twendeni kwenye giza."

Upande wa pili wa barabara kuna banda la makaa la Mama Mwendwa, jina lake mwenyewe Nthenya, Mkamba aliyehamia pwani akaleta mdomo wake mzima bila kuupunguza njiani. Banda ni la udongo, halina dirisha, na ndani kuta zimekunywa vumbi la makaa mpaka zimekuwa nyeusi ti. Mlango wake unatazama uchochoro, jua haliingii hata likialikwa.

"Asi!" Nthenya alishangaa nilipomweleza. "Watu wakitaka kupendeza wanaenda bichi. Wewe unawaleta kwa makaa?"

"Kuta zako ndizo nzuri kuliko zote Kombani."

"Hizo kuta zangu si umekuwa ukizicheka kila siku?"

"Nilikuwa nazionea wivu. Lete lile gunia jeupe la sukari, lipasue, uje unisaidie."

Nilipanga hivi. Purity nilimweka karibu na mlango, mwanga upate kumfikia vizuri. Mtoto nilimketisha hatua mbele kidogo kuelekea ndani, juu ya karai lililopinduliwa, upande mmoja wa uso wake unatazama mlango na upande mwingine unatazama ukuta mweusi. Nthenya akachuchumaa karibu na magoti ya Purity ameshika gunia jeupe, ili mwanga ugonge gunia umrudie Purity chini ya kidevu na kwenye mashavu.

"Inua kidogo, Mama Mwendwa."

"Nimeinua."

"Umeinua mdomo. Inua gunia."

"Rispah, nitakupiga na hili gunia, halafu tuone utatoka rangi gani."

Purity alisita alipofikia kofia ya mtoto. Mama aliyemlinda mwanawe na jua miaka yote hiyo, mkono wake haujui kuvua. Nikamwambia, "Humu jua halina njia." Akavua kofia. Akavua miwani.

Macho ya Kadogo yakacheza upande huu na upande ule, kama kawaida yake. Taratibu yakaanza kutulia. Akafumbua yote mawili, wazi, akatazama kuta, magunia, na mamake.

"Humu macho yanapoa," akasema.

Nilipiga picha kadhaa wakicheka. Zilikuwa nzuri, nikijisifu mwenyewe kwa kuwa wengine hawakuwapo. Halafu Kadogo akachovya kidole kwenye vumbi la makaa, akakielekeza kwenye gauni jeupe la mamake.

"Kadogo! Acha!"

Hapo mtoto aligeuka. Mdomo wa chini ukatokeza, ukavutwa upande wa kushoto, nyusi moja ikapanda, akamtazama mamake kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Kidole changu hakiniombi ruhusa. Kilifyatua.

Tulirudi studioni, nikazimwaga picha kwenye kompyuta. Mkono wangu, kwa mazoea, ulikwenda moja kwa moja kwenye kile kitufe cha kung'arisha. Nikaukanya. Badala yake nikaondoa rangi zote. Ikabaki nyeusi, na nyeupe, na baina yake vijivu vingi visivyo na majina.

Purity alisogea mpaka pumzi zake zikafanya ukungu kwenye kioo.

"Pua yangu," akasema. Akajishika pua kama anayehakikisha bado ipo. "Hii ni pua yangu hii. Na kidevu."

"Tazama na hapa." Nikamwonyesha kivuli chini ya kidevu cha mtoto, na mng'ao juu ya shavu lake yeye. Vilikuwa kijivu kimoja. Ungeweza kukata hapa ukabandika pale.

Aligusa kioo kwa kidole. Kisha akasema, kama mtu anayeona haya, "Sikujua nina mashavu namna hii. Kwenye picha huwa sipo." Halafu, haraka, "Huning'arishi?"

"Nikikung'arisha, na kamera hii nayo ichukuliwe na wimbi."

Akachagua moja ambayo wote wawili wanacheka. Ile ya kununa alipoiona alifunika macho. "Hii ifute! Mavyaa akiiona atasema mtoto hana adabu, na mamake ndiye aliyemnyima."

Sikuifuta. Niliichapisha kwa starehe yangu, nikaiegemeza mezani kando ya kikombe cha chai, kwa sababu ilinichekesha kila nikiitazama.

Jumamosi jioni walikuja mke na mume kuchukua picha yao. Kalama ni mtu mrefu, mpole, anayeongea kama anayevuka barabara, akitazama kushoto na kulia kabla ya kila neno. Aliishika ile ya kicheko, akasema nzuri, nzuri sana, ahsante da Rispah. Kisha jicho lake likaangukia meza.

Alikaa chini bila kutafuta kiti. Bahati nzuri kiti kilikuwapo. Alicheka mpaka akatoa leso.

"Huyu ni mama!" akasema. "Huyu ni mama mtupu! Alinitazama hivi siku nilipopoteza mbuzi. Alimtazama hivi chifu. Hata kwenye kitambulisho ametazama hivi!"

"Ndiyo maana haiendi," Purity akasema. "Nimehangaika mtoto aonekane mzuri, wewe unataka kumpeleka amenuna?"

"Mama hajawahi kucheka kwenye picha maisha yake yote. Ukimpelekea kicheko atasema hicho ni cha kwenu."

"Na akisema namfanyia dhihaka? Kalama, akifunga mlango safari hii hafungui tena. Shule yafunguliwa mwezi ujao."

Mimi nilijifanya nafuta lenzi. Lenzi ilikuwa safi tangu asubuhi.

Purity aliziweka picha mbili pamoja, akaangalia huku, akaangalia huku. Moja ilikuwa na pua yake usoni mwa mtoto. Nyingine nayo ilikuwa na pua yake, lakini juu ya pua na chini ya pua palikuwa na mtu mwingine, ambaye hajawahi kumpa hata kikombe cha maji.

"Chukua hiyo," akasema mwishowe, akimsukumia ile ya kununa. "Lakini ikirudi, wewe ndiwe utakayemwambia mtoto. Mimi nimechoka kumwambia."

Jumatatu Kalama akarejea, akapitia kwangu, Purity akiwa ameshafika kabla yake. Mikono ya Kalama ilikuwa mitupu.

"Haikurudi!" nikasema.

"Haikurudi."

"Alisema nini?" Purity akauliza.

Kalama akatazama kushoto na kulia. "Hakusema. Aliitazama ndani. Akaitoa nje juani. Akairudisha ndani, akasimama nayo mlangoni. Halafu akaniuliza kama nimekula."

"Na picha?"

"Aliikalia."

"Aliikalia!"

"Aliiweka kwenye kiti, akakaa juu yake. Sikuweza kumwambia mama inuka."

Purity alifunga kanga yake upya ingawa haikuwa imefunguka. "Kutorudi si jina," akasema, akaenda zake kukaanga viazi karai, maana hiyo ndiyo kazi yake na mafuta hayangoji majonzi ya mtu.

Nilijaribu kumtania siku zilizofuata. Hakutanika. Nikaanza kuogopa kwamba picha ile niliyoipenda mimi ndiyo iliyofunga mlango.

Siku ya soko, asubuhi, mwanga wa mlangoni kwangu ukazibwa. Bibi kizee, mweusi mno, mnyoofu, kanga mbili na kuku kwapani. Hakupiga hodi. Alitoa picha kifuani, ikiwa na mkunjo wa kukaliwa, akaiweka mezani.

"Ndiwe uliyepiga hii?"

"Ndimi. Shikamoo, mama."

Hakuitikia mara moja. Mdomo wa chini ukatokeza, ukavutwa upande wa kushoto, nyusi moja ikapanda. Wallahi nilitafuta pa kuweka macho yangu nisipaone.

"Marahaba. Mwanangu asema hukutia rangi."

"Sikutia, mama. Niliitoa."

"Basi kamwite."

Nilikimbia mwenyewe, na mimi si mtu wa kukimbia. Purity alikuja mikono imejaa unga wa viazi, amemshika mtoto, uso umemkauka. Alipiga goti akamwamkia mavyaa wake pale mlangoni kwangu. Bibi akaitikia, macho yakiwa kwa mtoto: kofia, miwani, mikono mirefu.

"Naona kofia," akasema.

Nikaingilia kabla mambo hayajaharibika. "Mama, hapa jua linamdhulumu. Tufuate kwa yule mwenye makaa."

"Makaa?" Mdomo tena, kushoto.

Ndani ya banda Kadogo hakungoja kuambiwa. Alivua kofia akampa mamake, akavua miwani akanipa mimi, akaketi kwenye karai lake kama mwenyeji. Macho yakacheza, yakatulia. Bibi akainama. Walitazamana, nyuso zimekaribiana, mlango ukiwaangaza wote wawili upande mmoja. Nthenya akajibanza ukutani asizibe mwanga.

Kadogo akamwelekezea kuku kidole. "Huyu anaitwa nani?"

"Kuku hapewi jina," bibi akasema.

"Na mimi sijapewa."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayemfariji kuku.

Bibi alibaki ameinama. Nilidhani mgongo umemshika. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Maji."

Nthenya akakimbilia kopo. Bibi akapiga funda, akampulizia mtoto kifuani, matone membamba yakamulikwa na mwanga wa mlangoni, akaita kwa sauti ya kusikika hadi uchochoroni:

"Umazi!"

Mtoto alijipangusa shati. Mdomo wa chini ukatokeza. "Umenitemea maji!"

"Ndiyo. Na wewe ukizeeka utawatemea wako. Umazi!"

"Mimi?"

"Wewe. Na mimi."

Purity alikuwa ameegemea gunia la makaa, gauni limeshachafuka lote, wala hakujua. Bibi alimgeukia. Nikaona anatafuta neno, na kwamba maneno ya aina hiyo hakuwa na mazoea nayo. Akamkabidhi kuku.

"Wa uzazi," akasema. "Wa supu. Nimechelewa naye."

Miaka mitano. Purity alimpokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akasema, "Ahsante, mama."

"Asiliwe!" Umazi mdogo akadakia. "Huyu mimi nitampa jina!"

"Nimekwambia kuku hapewi jina."

"Huyu anapewa!"

Wakanuniana. Nthenya akanifinya mkono mpaka nikajua kucha zake ni ndefu.

"We mpiga picha," bibi akasema bila kuniangalia, "waacha kutupiga, wangoja nini? Lakini nakuonya. Nisikute umenifanya mweupe."

"Mama, hata nikitaka, kuta hizi hazitaki."

Nikawapanga. Bibi na Purity karibu na mlango, mtoto ndani kidogo kwenye kivuli, kuku katikati kwa kuwa hakuna aliyekubali kumwachia. Nthenya akachuchumaa na gunia lake la sukari, safari hii ameliinua sawasawa bila kuambiwa. Nikafunga jicho moja. Purity alikuwa anacheka na kulia pamoja, mashavu yake yote mawili yapo.

"Chekeni," nikasema, kwa mazoea tu.

Umazi mkubwa na Umazi mdogo wakageuka wakanitazama.

Nikafyatua.